Hewa Imezidi: Tafuta Tundu Kabla ya Kununua Sensa

Taa ya injini ikiwaka na mashine ya kupimia ikaonyesha namba ya kosa P0171, kompyuta ya gari inasema jambo moja tu: nimeongeza petroli hadi nimefika ukingoni mwa ruhusa yangu, na bado hewa imezidi. Haijasema sensa imekufa. Haijasema nozeli zinazopulizia petroli zimeziba wala pampu imechoka. Imetoa taarifa ya hali, chanzo imekuachia wewe ukitafute. Lakini hapa Mwanza, kuanzia Mabatini hadi Buhongwa, namba hiyo ikishasomwa kinachofuata mara nyingi ni safari ya duka la spea kununua oksijeni sensa. Inaumiza kuona mtu mwenye kipato cha kawaida analipia kifaa ambacho hakikuwa na kosa, kisha wiki mbili baadaye taa ileile inawaka tena. Na kazi yenyewe ya kutafuta chanzo ina mpangilio mzuri, wala haidai vifaa vya gharama kubwa.

Petroli huungua vizuri inapopata hewa mara 14.7 ya uzito wake: gramu 1 ya petroli, gramu 14.7 za hewa. Hewa ikizidi sana, moto ndani ya silinda unakwenda polepole, sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta) inatetemeka, gari linashtuka ukikanyaga mafuta, na asubuhi linasumbua kuwaka. Oksijeni sensa iliyochomekwa kwenye ekzosi, kabla ya masega yanayosafisha moshi, hupima oksijeni iliyobaki baada ya mwako. Ile ya aina ya kawaida hutoa umeme mdogo sana: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu 0.1 hewa ikizidi. Kwenye injini nzima iliyopata moto, volti hizo hupanda na kushuka muda wote, zikipita 0.45 kwenda na kurudi. Kompyuta husoma mwendo huo na kurefusha au kufupisha muda wa nozeli kukaa wazi. Kiasi inachoongeza au kupunguza huonyeshwa na mashine kwa asilimia, nacho tunakiita trimu. Ipo ya muda mfupi, inayobadilika kila wakati, na ya muda mrefu, ambayo ni kumbukumbu ya kompyuta juu ya tabia ya gari hilo. Zijumlishe. Jumla ikiwa kati ya -5 na +5, hakuna wasiwasi. Ikipita +10, kuna kitu. Ikikaribia +25, taa haiko mbali kuwaka.

Mjumbe hauawi, na oksijeni sensa ni mjumbe. Ikisema hewa imezidi, mara nyingi imezidi kweli. Kabla ya kuihukumu, ijaribu. Injini ikiwa ya moto na iko kwenye sailensi, ingiza mpulizo mdogo wa spreyi ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa. Volti lazima zipande upesi kuelekea 0.9. Kisha chomoa mpira mdogo wowote wa manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, lazima zishuke. Sensa inayokujibu haraka namna hiyo ni nzima, na kuibadilisha ni kutupa fedha.

Baada ya hapo kinakuja kipimo ninachokithamini kuliko vingine vyote, na hakihitaji hata spana. Soma jumla ya trimu katika hali tatu: kwenye sailensi, kwenye mzunguko wa 2,500 kwa dakika gari likiwa limesimama, na gari likipanda mlima. Ziandike namba hizo kwenye karatasi, kwa sababu kichwa husahau na mteja anastahili kuziona.

Sababu ni hesabu ndogo tu. Chukua injini ya 1NZ yenye lita 1.5, hii iliyojaa mjini kwenye IST, Probox, Premio na Fielder. Kwenye sailensi inavuta hewa kama gramu 2 kwa sekunde. Tuseme mpira mmoja nyuma ya manifodi umepasuka na unaingiza gramu 0.4, ambazo MAF, yaani sensa inayopima hewa, haikuziona kwa kuwa zimeingilia nyuma yake. Hizo ni asilimia 20 ya hewa ambayo kompyuta inaijua, kwa hiyo trimu itakimbilia +20. Sasa pandisha mzunguko hadi 2,500. Injini inavuta gramu 6 au 7, tundu ni lilelile, na zile gramu 0.4 zimekuwa kama asilimia 6. Ukipanda mlima umekanyaga, throto, ule mlango wa hewa, imefunguka, mvuto ndani ya manifodi umelegea, na tundu halivuti tena kitu cha maana. Trimu inarudi karibu na sifuri. Trimu mbaya kwenye sailensi na nzuri kwenye mlima, basi injini inavuta upepo.

Ikiwa kinyume, yaani nzuri kwenye sailensi na mbaya mlimani, geukia upande wa mafuta, au MAF iliyochafuka. Ikiwa mbaya kote kwa kiwango kinachokaribiana, fikiria presha ndogo ya petroli au nozeli zilizoanza kuziba. Kwenye gari la V6 kama Harrier ya 1MZ unapata na fununu nyingine: P0171 ikija pamoja na P0174, ambayo ni kosa lilelile kwa upande wa pili wa injini, pande zote mbili zinalalamika, na chanzo ni kitu zinachotumia pamoja, kama pampu au MAF. Ukilalamika upande mmoja tu, anza na gasketi ya upande huo.

Mzee mmoja mstaafu wa ualimu aliniletea IST akiwa na boksi mkononi. Ndani mlikuwa na oksijeni sensa za zamani, plagi na koili, vyote vimetolewa kwenye gari hilo.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hii gari imenimaliza. Kila ninayempelekea anasema sensa, nimenunua sensa mpaka basi."

Nikaunganisha mashine. Kwenye sailensi jumla ilikuwa +24. Kwenye 2,500 ikashuka hadi +7. Tukapanda naye kilima cha Bugando gia ya pili, yeye ndiye mwandishi, karatasi imewekwa juu ya boksi lake la spea, mwandiko umenyooka kama wa ubaoni. Alipoandika +3 akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo tatizo linakuwa kubwa gari likitulia." Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Kutafuta tundu lenyewe huwa naanza kwa kubana mipira, mmoja baada ya mwingine, kwa koleo iliyozungushiwa kitambaa midomoni, macho yakiwa kwenye trimu ya muda mfupi. Nilibana mpira wa buusta ya breki, namba haikutikisika. Nikabana ule unaoleta mvuke wa petroli kutoka kwenye tanki, kimya. Nilipobana mpira wa PCV, unaorudisha moshi wa ndani ya injini kwenye manifodi, sailensi ilibadilika sauti na trimu ikaanza kuporomoka. Ulikuwa umepasuka kwenye kona, upande wa chini karibu na vali yake, mahali ambapo jicho halifiki bila kioo kidogo. Mpira mpya ni kati ya vitu vya bei ndogo kabisa kwenye injini ile. Baada ya kuufunga, nilifuta kumbukumbu ya kompyuta, mwalimu akatembea na gari mjini, na aliporudi jumla kwenye sailensi ilikuwa +2.

Kuna tundu moja ambalo hata mafundi wazoefu hulipita. Kifuniko cha kujazia oili kikilegea, au kijiti cha kupimia oili kikipoteza kiraba chake, hewa huingia kwenye tumbo la injini, inanyonywa kupitia PCV, na kufika kwenye manifodi bila MAF kuiona. Gari linaweza kuwasha taa kwa kifuniko kilichofungwa nusu baada ya kumwaga oili. Kukagua hilo ni kazi ya dakika moja, na mimi hukagua kabla ya kushika koleo.

Nawaomba sana wenzangu waache kutafuta tundu kwa kumwagia petroli kwenye manifodi na kusikiliza injini inavyobadilika. Ekzosi iko pale pale, ya moto, na nyaya za plagi ziko karibu. Hata spreyi ya kabureta itumike kwa tone dogo, mbali na ekzosi, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, kisiwe stoo. Njia salama zaidi ni moshi: injini imezimwa, moshi mzito unaingizwa kwa presha ndogo sana kupitia mpira wa buusta, njia ya hewa imezibwa, halafu unasubiri uone unapochomoza. Moshi huonyesha hata ufa mwembamba kwenye lile bomba la raba kati ya MAF na throto, ambao hufunguka tu injini inapoinama ukikanyaga na kujifunga ukiachia.

Kwa wenye injini ya 1ZZ, kwa mfano Corolla za mwanzoni mwa miaka ya 2000, gasketi ya manifodi ya kuingizia hewa inajulikana. Inakakamaa na kusinyaa kwa umri, asubuhi injini ikiwa baridi inavuta upepo, ikipata moto inakaza na dalili zinapotea. Mteja anafika gereji saa tano, gari limetulia kabisa, fundi anamwambia halina tatizo. Gari la namna hiyo inabidi lilale gerejini, lipimwe alfajiri kabla halijawashwa.

Tofauti moja muhimu. Siyo kila gari lina MAF. Baadhi ya Toyota za zamani, zikiwemo nyingi zenye injini ya 5A, hukadiria hewa kwa kupima presha ndani ya manifodi kwa sensa iitwayo MAP. Kwenye hizo, tundu linapandisha presha, kompyuta inaiona, inaongeza petroli, na dalili utakayopata ni sailensi iliyopanda juu, trimu ikibaki karibu na kawaida. Fundi anayetafuta +20 kwenye gari kama hilo atatafuta bure.

Na hapa ndipo mji wetu unaingia kwenye hesabu. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza imekaa ukingoni mwake ikipanda kuelekea kwenye miamba. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Ukifungua switchi bila kuwasha injini, MAP ya gari lililoko Dar itasoma presha ya kama kPa (kilopaskali) 101. Hapa kwetu itasoma kama 88 au 89. Vijana wengi wanajifunza ufundi kwenye simu, kwa video za watu wanaoishi usawa wa bahari, wanaona 88 wanasema sensa imekufa. Haijakufa, inasoma Mwanza. Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa manifodi, ni vivyo hivyo. Pwani, injini nzima kwenye sailensi huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Hapa toa karibu inchi 3 na nusu, kwa hiyo 14 hadi 17 ni afya njema, na hakuna sababu ya kumfungulia mtu silinda hedi kwa kusoma 15. Wepesi huo wa hewa hausababishi P0171. Gari lenye kompyuta hupunguza petroli lenyewe kulingana na hewa iliyopo. Lenye kabureta iliyosetiwa pwani likiletwa huku, mafuta ndiyo yatakayozidi.

Zipo pia hali mbili ambapo mjumbe anasema kweli lakini anaeleweka vibaya. Ya kwanza ni silinda inayomisi. Koili ikifa, petroli na hewa ya silinda hiyo vinatoka bila kuungua, na oksijeni yote inafika kwenye sensa. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni tu, inatangaza hewa imezidi, na kompyuta inaongeza mafuta kwenye silinda ambazo hazikuwa na shida. Ya pili ni ekzosi inayovuja kabla ya sensa, kwenye gasketi au ufa wa manifodi. Gesi za ekzosi hutoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kuna mvuto mdogo unaoingiza hewa ya nje. Ukisikia mlio wa tik-tik unaofuata mzunguko wa injini asubuhi, ziba uvujaji huo kwanza ndipo usome trimu.

Upande wa mafuta una hatari kubwa zaidi. Tundu kwenye mpira linakera, linatikisa sailensi na kuwasha taa, lakini gari likiwa na mzigo karibu halina athari. Ikiwa mfuko umekauka, ukiniuliza kama unaweza kusubiri mshahara nitakujibu ndiyo. Gari ambalo hewa inazidi likiwa na mzigo ni jambo jingine. Hapo ndipo joto ni kubwa, injini inaanza kugonga, na vali au pistoni zinaweza kuungua. Dereva mmoja wa Probox, ile michomoko ya njia ya Magu, alilalamika kwamba gari lina nguvu mjini lakini likijaa abiria haliendi zaidi ya mwendo fulani. Kwenye sailensi trimu ilikuwa +2. Tukaweka mzigo nyuma, tukaenda barabara ya Musoma kupita Igoma, na kwenye mwinuko mrefu ikafika +18 huku ikiendelea kupanda. Nilimwambia asiondoke na abiria siku hiyo.

Kwenye hali hiyo kuna mtego: ukikanyaga mpaka chini, kompyuta huacha kabisa kusikiliza oksijeni sensa na kumwaga mafuta kwa hesabu yake, kwa hiyo trimu haikuambii kitu. Angalia volti za sensa yenyewe. Kwenye sensa ya kawaida zinapaswa kukaa juu ya 0.8 wakati huo. Zikizama, injini ina njaa ya mafuta.

Presha ya petroli kwenye 1NZ inatakiwa iwe kPa 304 hadi 343, yaani PSI 44 hadi 50. Yake ilikuwa sawa kwenye sailensi, ikaanguka chini ya PSI 35 tulipoifunga geji kwa tepe kwenye kioo na kwenda nayo barabarani. Kupima presha gari likiwa limesimama kungetudanganya kabisa. Tulipoitoa pampu kwenye tanki, chujio lake la chini lilikuwa limegeuka jeusi na kukakamaa kwa uchafu. Gari la biashara linalojazwa petroli ya elfu kumi kumi, taa ya mafuta ikiwaka siku nzima, linanyonya kutoka chini kabisa ambako uchafu na maji hutua, na pampu yake inakosa petroli ya kuipoza. Alibadilisha chujio na pampu pamoja. Ningefanya hivyo hivyo kwa gari langu, kwa sababu pampu iliyovuta kwa shida muda mrefu huwa imeshachoka.

MAF iliyochafuka inafanana na hiyo kwa namba, kwa hiyo pima presha kabla ya kuchagua. Vumbi la barabara zetu zisizo na lami, hasa gari likiwa na ea klina isiyokaa vizuri, hujipaka kwenye waya wa moto wa MAF na kuufunika. Hewa ikiwa nyingi, waya uliofunikwa unahesabu pungufu. Ioshe kwa spreyi yake maalumu, usiiguse kwa kidole wala kitambaa, iache ikauke. Ea klina iliyoziba yenyewe haileti P0171 kwenye gari lenye MAF. Inapunguza nguvu tu, kwa sababu hewa yote inayopita bado inahesabiwa.

Mafundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni Kirumba wanaelewa hatari hii kuliko sisi wa magari. Injini ya boti ya mipigo miwili inayochanganyiwa oili kwenye petroli, mara nyingi sehemu 50 kwa 1, inapopata mafuta machache inapata na oili chache. Kiungo cha mpira wa mafuta kikivuta hewa kidogo, pistoni inaweza kuganda katikati ya ziwa, na wavuvi wa dagaa huwa huko usiku. Kwa hiyo wao hukagua mpira, viungo na ile pampu ya mkono kabla ya safari, injini ikiwa haina tatizo lolote. Ningependa kuona tabia hiyo gerejini kwetu: mipira yote ya manifodi ikaguliwe kwa mkono kila oili inapomwagwa, hasa kwenye magari yaliyopita miaka 15, na hapa mjini hayo ni mengi.

Nimejiuliza kwa nini sensa zinauzwa kwa wingi hivyo, na jibu ninaloliona ni la malipo. Mteja yuko tayari kulipia kitu kinachoshikika. Fundi akitumia saa mbili kupima, kisha akabadilisha mpira wa bei ndogo, anaambiwa, "Mpira tu, unataka hela yote hiyo?" Akibadilisha sensa kwa dakika kumi analipwa bila maneno. Tumewafundisha mafundi kuuza spea, na wamejifunza. Mimi natoza kupima kando na kutengeneza, na nasema hivyo kabla boneti haijafunguliwa. Nasoma namba kabla ya kufuta chochote, maana ukifuta P0171 unafuta pamoja nayo kumbukumbu ya mzunguko, joto na mzigo wa wakati kosa lilipotokea. Mteja anaondoka na karatasi: trimu kwenye sailensi, trimu kwenye 2,500, trimu mlimani, presha ya petroli kama imepimwa. Akiamua kwenda kwa fundi mwingine, kwa bei nyingine, karatasi hiyo ni yake, na huyo mwingine anaweza kuanzia pale nilipoishia.